Mkunga wa Pili

Mwezi uliopita tulikutana, sisi tuliosoma pamoja ule mwaka wa Kawangware, kwenye bustani ya hoteli moja ambayo vikombe vyake ni vidogo na sahani zake kubwa bila sababu. Tulikuwa kumi na wawili hivi, wengi wetu sasa tukitembea na miwani kifuani na vidonge vya presha mfukoni. Nilikaa karibu na Musyoka, ambaye enzi zile alikuwa afisa wa kliniki mwembamba asiyeweza kumaliza sentensi bila kucheka, na ambaye siku hizi ni bosi mwenye dereva. Akaniambia, mdomo umejaa sambusa, kwamba pendekezo langu bado linatumika. "Linatumika wapi?" nikamuuliza. "Kufundisha, Akinyi! Ile proposal yako ya Laini Saba. Wanawapea wanafunzi kama mfano. Wametoa jina lako lakini mimi niliijua tu, nikasema hii ni ya mtu wetu. Hongera!" Nikaweka kikombe chini. Wenzangu walidhani nimeguswa, na mama mmoja akanipigia makofi. Sikuguswa hata kidogo. Nilikasirika, na hasira haijanitoka tangu siku hiyo, na kwa kuwa mtu hawezi kuzunguka mtaa wa Ayany akiwanunia majirani wasiojua wamekosa nini, nimeamua kukaa chini niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, afisa wa afya ya umma mwenye cheti kipya na viatu vya mpira. Kazi yangu ilikuwa kukagua vyoo, mitaro na vibanda vya chakula, kazi ambayo haimpatii mtu marafiki. Kisha likaja shirika fulani, jina lake halina haja hapa, likagundua kwamba shida ya afya mitaani kwetu haikuwa maji wala dawa bali ni sisi wenyewe, kwa sababu hatukujua kupanga miradi wala kuiombea ufadhili. Wakatuchagua watu ishirini, wauguzi, maafisa wa kliniki na sisi wa vyoo, tusome siku mbili kila wiki kwa mwaka mzima. Tulifurahi kupita kiasi. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na rangi pale Kawangware 56, karibu na steji, na madirisha yake yalikuwa na uchaguzi wa aina mbili: uyafunge tuive kwa joto, au uyafungue tumsikilize fundi wa chini akikata chuma. Saa nne tuliletewa chai na mandazi yaliyopoa. Saa saba tulishuka kwa mama mmoja aliyepika chapati na madondo, yale maharagwe makubwa, nyuma ya saluni, tukala tukiwa tumebanana kwenye benchi huku harufu ya dawa ya nywele ikituingia puani. Mpaka leo nikipita saluni nahisi njaa.

Mwalimu wetu aliitwa Maina. Lazima niseme kwamba alikuwa mtu mwema, maana ingekuwa rahisi kwangu kumfanya shetani na kumaliza hadithi mapema. Alivaa sweta ya kijivu hata Januari, hakuwahi kupandisha sauti, na alijua majina ya watoto wetu. Zana zake zilikuwa kadi za rangi na karatasi kubwa ya kaki aliyoibandika ukutani. Kadi za njano zilikuwa za matatizo. Tuliandika tatizo moja kwenye kila kadi, tukabandika, kisha tukapanga lipi limezaa lipi, mpaka ukuta mzima ukawa na mizizi, shina na matawi. Ndiyo maana wakauita mti wa matatizo. Na Mwalimu Maina alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: ukosefu wa kitu si tatizo. "Mkiniandikia hakuna dawa," alisema, "mmeshaamua kwamba jibu ni dawa. Mmefunga mlango kabla hamjaingia nyumbani. Niambieni mtu anaumia vipi, na kwa nini." Kadi yoyote iliyoanza na neno hakuna aliichomoa kwa vidole viwili, taratibu, akairudisha kwa mwenyewe.

Na sheria ile haikuwa ya kijinga, hilo ndilo linalonichosha zaidi. Muuguzi mmoja aliandika hakuna ambulensi, Mwalimu akamhoji kwa upole, ikaja kuonekana kwamba ambulensi ilikuwepo lakini haikuweza kupita kwenye kichochoro kwa sababu ya kibanda cha mtu mmoja mkaidi. Darasa zima likashangilia. Mimi nilishangilia kuwazidi wote. Nilirudi nyumbani nikimhoji mwenye nyumba wangu kuhusu ukosefu wa maji, mpaka akaniambia nihame kama nimechoka kuishi vizuri na watu. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu akipewa nyundo nzuri hutembea mtaa mzima akitafuta misumari.

Kila mmoja wetu alipewa mahali pa kweli pa kuandalia mpango, na tuliahidiwa kwamba mpango bora kabisa shirika lingeubeba lenyewe mpaka kwa wafadhili. Mimi nilipewa chumba cha kujifungulia cha Sista Mumbua, katika mtaa wa mabanda wa Laini Saba, hatua chache kutoka reli. Kilikuwa chumba cha mabati, nusu ya ukuta imepakwa rangi ya buluu na nusu nyingine imeachwa kwa sababu rangi iliisha. Kulikuwa na kitanda kimoja kilichoinuliwa kwa vipande vya mbao, pazia la kitenge, beseni tatu zilizong'aa, na benchi nje ambako kina mama walisubiri. Treni ilipopita, Sista Mumbua alinyamaza katikati ya neno, akashika chupa ya chai isianguke, kisha akaendelea na lile neno alipoliachia. Alikuwa mwanamke wa Kitui, mfupi, mkali, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na nusu ya watoto waliokuwa wakikimbizana pale reli walizaliwa mikononi mwake. Kikundi cha kanisa kilichoanzisha chumba kilimudu kumlipa yeye tu.

Siku yangu ya kwanza alinipa muthokoi, mahindi ya kukobolewa ya kwao, kwenye mkebe, na hakunijibu swali hata moja mpaka nilipomaliza. Kisha akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Mkaguzi alikuwa amepita. Barua ilisema chumba cha uzazi hakiwezi kuendeshwa na mkunga mmoja peke yake, mchana na usiku, na kwamba asipopatikana wa pili kufikia mwisho wa mwaka, chumba kitafungwa.

"Na mkaguzi hakukosea," Sista akasema. "Mimi mwenyewe nimechoka. Siku moja nitalala na mama atanifia hapa. Mimi sitaki gari, sitaki kompyuta. Nataka mkunga mmoja. Hata kama ni mtu wa kununa, mniletee tu."

"Nitaandika," nikamwambia. "Hiyo ni rahisi."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Ilibidi pia niwahoji kina mama, kwa sababu mpango bila mahojiano haukuhesabiwa kuwa mpango. Nilikaa ndani nikipanga karatasi zangu, na nyuma ya pazia nikawasikia wakizungumza kwenye benchi. Walikuwa wamehojiwa na wanafunzi wa kila chuo Nairobi hii, wa kila rangi ya fulana, na walituelewa kuliko tulivyowaelewa.

"Huyu naye ni wa karatasi?"

"Wa karatasi. Anakaa Ayany."

"Basi mwambie tunaosha mikono."

"Hiyo walishaandika wale wa juzi. Mwambie tunataka mafunzo. Mafunzo ikikuja, kuna soda na mkate."

"Na lesso. Wale wa mwaka jana walipeana lesso."

Wakacheka mpaka benchi ikalia. Nilicheka pia, nikatoka nje na kalamu yangu, nikawauliza mmoja baada ya mwingine wanahitaji nini hasa, na mmoja baada ya mwingine wakanitazama machoni wakaniambia mafunzo. Nikaandika. Nilikuwa nimesikia kila kitu kwa masikio yangu mwenyewe, na bado nikaandika, kwa sababu darasani tulifundishwa kuandika jibu, hatukufundishwa kuandika kicheko.

Wiki iliyofuata nilibandika kadi yangu ya njano katikati ya ukuta, kwa mkono wa mtu asiye na wasiwasi: Hakuna mkunga wa pili. Mwalimu Maina aliisoma, akatabasamu, akaichomoa kwa vidole viwili.

"Akinyi. Wewe pia?"

"Mwalimu, hii ni tofauti. Kuna barua. Asipopatikana wanafunga."

"Sawa. Na asipokuwepo, nani anaumia?"

"Kina mama."

"Wanaumia vipi?"

"Mmoja anaweza kuletwa akivuja damu wakati Sista ameshikwa na mwingine."

"Kwa nini anafika akiwa tayari anavuja damu?"

"Amechelewa kutoka nyumbani."

"Kwa nini amechelewa?"

Musyoka, aliyekuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Siz, jibu tu. Huyu mzee hakuachi, na chapo zinapoa."

"Labda hakujua kwamba hali ni mbaya," nikasema.

Mwalimu Maina akafurahi kama mzazi aliyeona mtoto akipiga hatua. Alichukua kadi mpya akaniandikia mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: Kina mama hawatambui mapema dalili za hatari. Akaibandika pale pale yangu ilipokuwa. "Sasa hili ni tatizo," akasema. "Hili mfadhili analielewa. Mshahara wa mtu mmoja hakuna anayeufadhili, Akinyi, wakiondoka wao nani ataulipa? Lakini maarifa yanabaki." Na mahojiano yangu, nilipoyafungua, si yalikuwa yamejaa mafunzo, mafunzo, mafunzo? Kila kitu kilifungana vizuri. Nilibaki na kadi ya kwanza mkononi, imekunjika kidogo kwenye pembe, sijui niiweke wapi, nikaitia ndani ya daftari.

Watu huniuliza, yaani huwa najiuliza mimi, kwa nini sikubisha zaidi. Sikulazimishwa. Mwalimu Maina angenisikiliza. Alikuwa na subira ya ajabu. Ukweli ni kwamba nilitaka kushinda. Nilikuwa mtu wa vyoo katikati ya wauguzi na maafisa wa kliniki, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kazi yangu ilikuwa safi, na watu wakubwa waliisoma wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilianza kulipenda pendekezo lenyewe. Nilipenda jinsi kila shughuli ilivyoingia kwenye kisanduku chake ndani ya jedwali na kila kisanduku kikamjibu jirani yake. Nilikaa darasani nikilisoma kwa sauti ndogo wakati wenzangu wameshuka kula. Chumba cha Sista Mumbua kilizidi kuwa mbali, ingawa nilikuwa nikienda huko kila Alhamisi.

Nilipomaliza nilimpelekea nakala. Alifuta mikono, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma kurasa zote akiwa amesimama. Treni ikapita. Akangoja.

"Mimi niko wapi hapa?" akauliza.

Nikamwonyesha ukurasa.

"Hapa imeandikwa rasilimali watu iliyopo."

"Ndiyo wewe, Sista."

"Aa." Akafungua tena. "Na mkunga wa pili?"

"Tunaanza na mafunzo kwanza, ndiyo wafadhili wakubali. Mkunga tutamleta awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Mwaka ujao. Katikati ya mwaka ujao hivi."

"Na barua inasema mwisho wa mwaka huu."

Alinikunjia karatasi zangu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha kabla ya siku hiyo. "Sawa," akasema. "Wewe ndiye umesomea." Ningependelea anitukane. Nimetukanwa na wenye vibanda vya nyama kwa miaka mingi na nikalala usingizi mzuri, lakini hayo maneno matatu sijayazoea mpaka leo.

Pendekezo likashinda. Tulifanyiwa sherehe ghorofani pale Kawangware, chupa za soda zikiwa zimepangwa mezani na fundi wa chini ameombwa aache kukata chuma kwa saa moja. Mwalimu Maina alisema hajawahi kuona mti wa matatizo uliopangwa vizuri kama wangu, na alikuwa hanitanii. Nilipiga picha na watu ambao majina yao sikuyashika. Mwaka wa kalenda ukaisha, kozi yetu ikiwa bado imebakiza miezi michache. Mkaguzi alirudi Laini Saba siku aliyosema atarudi, mtu wa kazi yake, hakutaka chai, na jioni ile ile kitanda kikatolewa. Kikundi cha kanisa kilikipeleka kwa kituo kingine. Awamu ya pili, kama kuna anayejiuliza, haikuwahi kuja. Kila nilipouliza niliambiwa inaandikwa.

Sasa mpango wangu ulihitaji mahali pa kufanyia mafunzo, na ulisema wazi, kwa maneno niliyoyachagua mimi, kwamba pawe ndani ya jamii yenyewe. Tukatafuta chumba. Laini Saba nzima kulikuwa na chumba kimoja tu kikubwa ambacho hakikuwa na mtu. Nadhani mnaelewa ni kipi. Siku ya kwanza ya mafunzo, mwezi wa mwisho wa kozi yetu, niliingia nikakuta viti vya plastiki vimepangwa kwa safu, na mahali pa kitanda pamesimamishwa ubao wa karatasi. Rangi ya buluu ilikuwa bado inaishia nusu ya ukuta. Mpango ulisema pia kwamba wahudumu wa afya waliopo wafundishwe, kwa hiyo Sista Mumbua alikuwa kwenye safu ya mbele, jina lake limening'inia kifuani kwa kamba, daftari jipya magotini. Alikuwa mshiriki namba moja. Na mwalimu, kwa kuwa nilikuwa nimelijua somo kuliko wote, nilikuwa mimi, ambaye sijawahi kuzalisha hata paka.

Nilikuwa kwenye dalili ya tatu ya hatari. Nimeiandika ubaoni na kuipigia mstari. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke kijana, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mwingine chini ya tumbo. Alivitazama viti. Alinitazama mimi na kalamu yangu. Kisha akamwona Sista.

"Sista, hiyo kitanda iko wapi?"

Wale wale kina mama wa benchi, waliokuja kwa ajili ya soda, waligeuka wakautazama ubao wa karatasi. Sista Mumbua aliinuka, akavua ile kamba ya jina, akaiweka kwenye kiti vizuri, akamshika yule msichana kiunoni. "Twende barabarani tutafute gari," akamwambia. "Pumua polepole. Usinikimbie." Kina mama wawili wakawafuata. Mimi nilibaki pale mbele. Nilijua hairuhusiwi tena kuzalisha mtu ndani ya chumba kile. Hata glavu hazikuwepo. Musyoka, aliyekuja kunisaidia siku hiyo, aliniambia, "Acha niende nao, wewe endelea, usiharibu ratiba," akatoka mbio. Nami nikaendelea. Nikaandika dalili ya nne.

Hawakufika barabarani. Musyoka alinisimulia baadaye, na ndiyo mara pekee nilimwona akizungumza bila kucheka. Mtoto alizaliwa kando ya reli, nyuma ya banda la mafundi wa jua kali, na mafundi walitoa mabati mapya waliyokuwa wakitengenezea masanduku, wakayashika wima kuwazunguka, wote wamegeuza migongo, mikono ikitetemeka kwa uzito, mpaka Sista akawaambia washushe. Mtoto wa kike. Wote wawili walikuwa salama, na hilo namshukuru Mungu, ila sioni kwa nini Mungu apewe kazi zote. Sista Mumbua alirudi wakati wa chai, bila sweta yake, kwa sababu ndiyo iliyofunikia mtoto. Alinawa kwenye ndoo tuliyoileta kwa somo la kunawa mikono, muda mrefu, mpaka kwenye viwiko. Akaketi. Akavaa tena jina lake.

"Mmefika wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia dalili ya saba. Akafungua daftari akaandika dalili ya saba.

Jioni nilijaza fomu ya mahudhurio, kwa sababu ofisi iliitaka siku hiyo hiyo. Kila mshiriki alipaswa kuweka sahihi kila kipindi, na ambapo sahihi haikuwepo, fomu ilitaka sababu. Ilitoa visanduku vitatu: ugonjwa, msiba, sababu za kibinafsi. Kwenye kipindi cha pili, sahihi ya mshiriki namba moja haikuwepo. Niliitazama fomu ile kwa muda mrefu, chumba kimebaki viti vitupu tu na mimi. Pembeni kulikuwa na nafasi, pana ya kutosha kuandika alikokwenda na alichokwenda kukifanya, na kwa nini alilazimika kukifanyia nje. Ningeweza kuandika. Hakuna aliyekuwa akinizuia, na naona aibu kusema kwamba nilichofikiria ni kuwa maandishi ya pembeni yangeichafua fomu. Nikaweka alama kwenye sababu za kibinafsi, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikatia sahihi.